Uzi Usiotiwa Fundo

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila salamu. Ungeninunia hata huko uliko.

Vita vimekwisha, nguo zimerudi madukani. Cherehani yako ninayo huku kwangu Mlandizi, na mume wangu analalamika kwamba inamnyima usingizi wa mchana. Mwache alalamike. Sasa anayejifunza ni binti yangu, Zuhura. Nimemwanzisha kama ulivyonianzisha mimi kwako Kisarawe: vifaa vyote juu ya mkeka, nikitaja anaokota. Sindano. Uzi. Mkasi. Futi. Jana nilitaja subana ya kukingia kidole, akaivika kwenye dole gumba, ikakwama, tukaitoa kwa mafuta ya nazi. Nilicheka mpaka nikalia. Nilikuona wewe, miguu umeinyoosha, pini mdomoni, ukininyima hata kipande cha kitambaa cha marekani mpaka niyajue majina yote.

Na zile bandi zako! Mishono mirefu ya kushikizia tu, ya kufumuliwa baadaye, ulinishonesha mpaka nikaichukia. Kila nilipotunga uzi ulinikumbusha bila kuinua macho: "Fundo, Mwanaidi." Nikisahau, uzi ulichomoka wote, nawe ukaniambia nianze upya. Nilidhani iko siku utachoka kusema. Hukuchoka.

Ulipougua uliniita, ukasema mbele ya mama yangu, wifi yako: "Sanda yangu ashone Mwanaidi." Niliitikia kwa adabu, lakini moyoni niliogopa. Nilikuwa sijawahi kushona sanda, na ya kwanza iwe yako? Nilitamani ungemchagua mwingine.

Siku yenyewe wanawake walichana ile bafta nyeupe uliyoificha sandukuni miaka yote ya vita, bibi harusi wakiitamani. Wakanipa sindano. Nilijipa moyo kwamba mikono yangu angalau inaijua kazi. Nikatunga uzi, nikatia fundo. Bi Tatu, aliyekuosha, akanishika mkono taratibu.

"Uzi wa sanda hautiwi fundo, mwanangu. Piga bandi tu."

Nililifungua kwa kucha, machozi yakinitoka. Wenzangu walidhani nimeona haya. Haikuwa haya, Shangazi. Nilikuwa nakusikia wewe ukinikumbusha fundo, nami kwa mara ya kwanza ilinibidi nisikutii. Uchungu wa msiba ulinishika pale pale, kabla hata hawajakutoa ndani.

Basi nilikushonea bandi. Ndefu, zimenyooka, kama ulivyozitaka nilipokuwa mdogo nikashindwa. Mama alitaka kunipokea kidogo nipumzike, nikakataa. Nilipomaliza, Bi Tatu aliipitisha mikono yake juu ya mshono wote, kisha akaikunja sanda. Nawe hukunifumulisha.

Nyumba yako ipo, anakaa Mama. Mwezi wa Shaabani nitakuja kupalilia kaburi na kukuombea. Nimekukumbuka, Shangazi, hasa saa za alasiri, wakati ule tuliokuwa tukishona bila kusemezana.

Kwa heri. Mungu akulaze pema. Nakuahidi Zuhura atazijua bandi, za fundo na zisizo na fundo, azipende asizipende, na siku atakapokaa kunishonea sanda yangu, hapatakuwa na haja ya mtu kumshika mkono.

Mwanao,
Mwanaidi