Mkono Haukuwa Wako, Mzee

Emali, Jumamosi

Mzee wangu Mutua,

Ni mimi, Ndinda. Tulikuzika Kalamba, ni miezi miwili sasa, na gereji yako bado inafunguliwa saa moja asubuhi. Kilonzo ndiye fundi mkubwa. Amepaka mlango rangi ya buluu. Ungecheka.

Nakuandikia kwa sababu ya lile lori la ng'ombe la Bwana Abdi.

Nilipokuja kwako nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na Kilonzo akaanza kuniita Mwalimu. "Mwalimu, hebu tusomee hii nati inasema nini." Wewe ulinipa kile kitabu cha Kiingereza kilichojaa grisi, ukasema, "Mwiitu, miaka ishirini naangalia picha tu. Nisomee." Uliniita mwiitu kama ulivyowaita binti zako. Nikawa nakusomea saa ya chai, umefumba macho, na mara nyingine unanikatiza: "Huyu aliyeandika hajawahi kulala chini ya gari." Nilijiona mkubwa. Nafikiri hapo ndipo nilipoharibikia.

Siku ile tulifunga silinda hedi ya lori, kile kifuniko cha juu cha injini. Uliniambia injini ikishapata moto na kupoa, nikaze nati zote mara ya pili. Ukaenda kliniki kupimwa presha. Nikafungua kitabu. Kitabu kilisema kukaza ni mara moja tu. Nikafikiri, hii ya mara ya pili ni mazoea ya wazee. Uliporudi ukauliza, "Umekaza?" Nikasema, "Nimekaza, Mzee."

Sikusahau. Nataka ujue hivyo. Niliamua.

Lori likachemka njiani kutoka Loitokitok, ng'ombe wakashinda juani, wawili wakafa. Abdi alikuja na hasira yake, nami nimesimama pale nikifuta spana iliyokuwa safi tayari. Uliifungua injini, ukajaribu nati moja, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Kitabu kilizungumzia gasketi ya kiwandani, ile inayoziba kati ya vyuma, na yetu ilikatwa kwa mkono, hivyo ikipata moto hubonyea na nati hulegea. Wewe ulijua hilo bila kusoma. Ukaniangalia. Halafu ukamwambia, "Mkono ni wangu, Abdi. Ni uzee."

Neno hilo lilifika mpaka nyumbani kwako. Mkeo, Mama Mwikali, akasema inatosha, ukae Kalamba upumzike. Nilipokuja kukuona ulikuwa unatengeneza baiskeli ya jirani, na baiskeli yenyewe haikuwa mbovu. Mara tatu nilikuja kukwambia, mara tatu tukaongea habari za mvua. Hukuniuliza hata siku moja. Sijui kama ulinisamehe, au ulikuwa unanisubiri.

Jumatatu Abdi alileta lori. Akamwambia Kilonzo, "Mzee alikuwa fundi, lakini mwisho mkono ulimtoka." Kilonzo akaitikia. Nikasema, "Ni mimi. Aliniagiza nikaze, sikukaza, na nikamdanganya."

Abdi akanigeukia. "Na mzee alijua?"

Nikasema ndiyo. Akavua kofia, akakaa nayo mkononi, kisha akaenda kukaa peke yake ndani ya lori. Kilonzo akaichukua spana kutoka mkononi mwangu. Tangu siku hiyo naosha vyuma kwa mafuta ya taa, kama mwezi wangu wa kwanza. Haniiti Mwalimu tena. Lakini hajanifukuza.

Kesho baada ya ibada nakwenda Kalamba kwa Mama Mwikali. Yeye anaamini alikupumzisha kwa sababu ulikuwa umechoka. Nikimwambia, atajua alikutoa kwenye kazi uliyokuwa bado unaiweza, na mzigo huo nitakuwa nimemtwika mimi. Nimejiuliza wiki nzima kama ni haki kumfanyia mjane hivyo. Najua tu kwamba wajukuu wako wanaambiwa babu yao aliharibu lori la watu, na wewe hukuliharibu.

Pumzika, Mzee. Nakuahidi nitasema nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajaniwekea chai. Nikishaishika hiyo chai ataanza kunishukuru kwa kuja kukuona ulipokuwa hapo nyumbani, na mimi nitanyamaza tena.

Mwanafunzi wako,
Ndinda