Chupa za Stoo na Mikono ya Baba

Nyumba ya kona, mkabala na karakana ya seremala,
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Chogo,

Salamu tele kwako, kwa wifi yangu na kwa watoto. Mguu wa wifi umeshapona? Na kitinda mimba wenu ameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima, ni mafua tu yananisumbua, nayo nimeshayazoea.

Barua yako niliipata. Umesema Ijumaa unakuja kumchukua Baba akaishi nanyi, maana tangu augue mikono inamtetemeka na hana tena analoweza kufanya. Sikufichi, nilikubaliana nawe. Mwezi mzima alishinda akitazama ukuta. Akijimwagia chakula ananuna, hali tena. Nililia peke yangu jikoni, kisha nikaanza kupanga nguo zake sandukuni.

Uliniagiza pia nizitupe zile chupa za stoo, alizokuja nazo alipostaafu kazi ya kuchanganya dawa. Hapo sikukusikiliza. Jirani yetu mrina asali alikuwa anatafuta chupa, nikamwambia nitamwoshea. Unanijua dada yako, kazi hainishindi. Lo! Chini zina ukoko mweusi, na shingo nyembamba hata kidole hakipiti. Nikachemsha maji, nikamimina moja kwa moja. Pa! Ya kwanza ikapasuka. Ya pili nayo, pa!

"Wewe! Nani alikufundisha kutia maji ya moto kwenye chupa baridi? Unanimalizia chupa zangu!"

Kugeuka, Baba huyo mlangoni, kasimama mwenyewe, kafura kwa hasira. Tangu augue hakuwahi kutoka chumbani bila kushikwa mkono.

Akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuniamrisha kama zamani. Maji ya vuguvugu, siki kidogo, mchele mbichi vijiko viwili, halafu utikise bila kupumzika mpaka mchele usugue ukoko wote. Mimi nilitikisa tatu tu, mkono ukafa ganzi. Ya nne akaichukua yeye. Akaishika kwa mikono miwili, na mikono ikatetemeka kama kawaida yake. Mchele ukacheza humo ndani, wee! Akaniangalia akasema, "Umeona? Mimi wala sihitaji kujisumbua." Akacheka, Chogo! Alicheka mpaka akapaliwa, nami nacheka huku machozi yananitoka.

Mrina asali ameshachukua chupa ishirini na anataka nyingine. Kila asubuhi Baba ananitangulia uani. Sikudanganyi, chai bado anajimwagia, na vifungo vya shati namfunga mimi. Lakini hanuni tena. Nguo nimezirudisha kabatini. Haendi kokote, na kama unataka ugomvi, gombana na mimi.

Nisalimie sana wifi, mwambie asiuchoshe huo mguu. Watoto wabusu mmoja mmoja, asibaki wa kulalamika kwamba shangazi kamsahau. Mungu awatunze nyote, awape afya na usingizi mzuri.

Ni mimi nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Dada yako

Baba ananinyang'anya kalamu. Mwandiko usikutishe, anaandika mwenyewe:

Mwanangu, Ijumaa uje. Uje na nguo za kazi. Chupa bado ni nyingi.