Orodha ya Watu Kumi na Watatu

Kirembo, 9 Februari 1987

Kaka Himid,

Salamu nyingi, na pole na baridi. Huku tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua. Ndugu yako Mbarouk hajambo? Na wanawe, bado mnawasemesha Kiswahili wakawajibu Kiingereza?

Mimi ningali ofisini kwa Gavana, ingawa siku hizi gavana hakuna, yamebaki mafaili yake. Tume ya uchunguzi imeyaagiza yote ya mwaka wa vita na Watanzania, nami ndiye ninayeyapanga. Mchwa wamekula nusu. Kila barua ina herufi zako za mpiga taipu chini, h.m., nikakukumbuka ulivyokaa pale dirishani na mashine yako ya taipu, ukitusuta kwa koma moja.

Sasa nisaidie. Barua ya 14 Machi 1979 kwenda kambi ya jeshi inasema, "Wakamateni watu kumi na watatu wafuatao." Majina ni kumi na mawili. Nimehesabu hadi macho yameniuma, maana wewe hukosei. Nauliza kwa sababu ndiyo barua ya mwisho aliyoipeleka baba yangu. Alitoka kama tarishi wenu wa kila siku, na baiskeli yake, hakurudi. Mama anaamini Matar wa duka la vitambaa ndiye aliyemchongea kwa wanajeshi. Mwaka wa nane huu hawasalimiani.

Mdogo wako,
Lawrence

Hounslow, London, 1 Machi 1987

Mdogo wangu Lawrence,

Barua yako imenikuta mzima, alhamdulillahi. Nipo jikoni kule uwanja wa ndege, napanga trei za chakula cha abiria. Mbarouk anauza viatu Wembley, kanenepa, ukimwona hutamjua ndugu yangu. Mama nimemtumia dawa ya kuchua magoti kwa posta.

Kuhusu ile hesabu, ni makosa ya taipu tu. Watanzania walikuwa njiani, nani alikuwa na utulivu? Usijichoshe. Mafaili mengine waachie mchwa, wanajua kazi yao.

Kaka yako,
Himid

Kirembo, 26 Aprili 1987

Himid,

Mama amepata dawa, anashukuru.

Kambi walijibu. Nimeikuta barua yao kwenye faili la zinazoingia, nanakili: "Watu kumi na watatu tunao. Jina moja lilipungua katika orodha yako, tumeijaza idadi kwa kumshika aliyeileta." Juu yake kuna muhuri wa kupokelewa, 15 Machi, na saini yako.

Kwa hiyo uliisoma. Siku ya tatu ukaja nyumbani, ukala ndizi zetu, ukamwambia Mama avute subira.

Sijaikabidhi Tume. Nataka kwanza kujua jina lililopungua ni la nani.

Lawrence

Hounslow, 6 Septemba 1987

Lawrence,

Sijui kama nina haki ya kukuita mdogo wangu. Miezi minne naianza barua hii na kuichana.

Jina ni la Mbarouk. Gavana alinipa orodha aliyoiandika kwa mkono wake, la tisa likawa la ndugu yangu. Nilipiga majina manane, hilo nikaliruka, nikaendelea. Nikwambie kweli, nilifurahi. Ila kule juu nilisahau kurekebisha "kumi na watatu", mimi mtu wa koma. Nikaitia katika bahasha, nikamwita baba yako. Alinipa karanga kutoka mfuko wa koti kama kila asubuhi, akaiandika barua katika kitabu chake, akapanda baiskeli.

Jibu lilipokuja niliogopa kulichoma. Nikaligonga muhuri, kwa sababu kila barua hugongwa muhuri, nikalifungia ndani ya faili. Kukwambia niliogopa zaidi. Wiki iliyofuata nilivuka mpaka na Mbarouk. Mpaka leo hajui kwamba alikuwa kwenye orodha. Namwona akicheka na wanawe, nashindwa kukaa. Kengele ya baiskeli ikilia nje, natoka kutazama. Kazini nahesabu trei mara mbili, mara tatu, wenzangu wananicheka. Kila mara naona moja imepungua.

Ikabidhi Tume pamoja na hii. Mwambie Mama. Matar asibebe mzigo wangu.

Himid

Kirembo, 18 Oktoba 1987

Himid,

Nimezikabidhi zote mbili.

Mama nilimsomea barua yako, akataka niirudie. Hakulia. Alijitanda leso akaenda dukani kwa Matar, mimi nyuma yake. Akasimama mlangoni akasema, "Matar, hujambo." Matar akaweka mkasi chini, akalia yeye.

Tuliporudi akaniuliza Mbarouk ana watoto wangapi. Nikasema sikumbuki. Akasema, "Mwambie Himid aniandikie majina yao. Asiruke hata moja."

Mimi bado sijakusamehe, wala sijui kama nitaweza. Nakuandikia kwa kuwa Mama ameniagiza.

Lawrence

Hounslow, 15 Novemba 1987

Lawrence,

Nakusalimu, na hii tafadhali msomee Mama.

Nimemwambia Mbarouk Jumapili iliyopita. Akauliza, "Alikuwa mtu gani?" Nikamweleza koti, karanga, baiskeli. Alitoka akakaa kwenye ngazi za nje, mvua inanyesha. Jana amenipigia simu. Anakuja huko Desemba na mtoto wake mkubwa, apige magoti mbele ya Mama. Mimi nakuja nao. Tume ikiniita nitajibu. Mkinifungia mlango, nitakaa uani.

Watoto wa Mbarouk ni wanne: Rahma, Suleiman, Zuhura na Issa. Wote wamezaliwa baada ya barua ile. Nimewahesabu mara mbili, kisha nikampa baba yao karatasi naye akawahesabu.

Himid