Baba Yako Alipolia Maulidini

Mjukuu wangu Zuhura, mke mwenzangu,

Marahaba. Hapa Kariakoo sote wazima, isipokuwa babu yako anakohoa kidogo.

Unauliza kama usiende harusini kwa sababu mtoto wako analia sana. Enzi za Mwingereza nilimpeleka baba yako, bado mchanga, kwenye maulidi ya mtaani kwetu. Alilia hadi msomaji akanyamaza. Wanawake wakaguna. Nikainuka niondoke, machozi yakinilengalenga.

Jirani yetu mzee, Bi Mwanaidi, akanishika mkono. “Kaa, mwanangu. Wewe ulipokuwa mchanga ukalia hivi maulidini, nilimtoa mama yako nje. Hakuja tena. Najuta mpaka leo.”

Akampakata mtoto mwenyewe. Baba yako hakunyamaza, lakini mimi nilikaa mpaka mwisho.

Nenda harusini, mama. Nibusie kitukuu changu.

Bibi yako