Miaka Niliyokuongezea

Chaka, 12 Juni 1996

Mdogo wangu Theuri, huko Wang'uru,

Mchele wako ulifika, mke wangu anausifu. Mimi siondoki kitandani; nikilala pumzi inakatika, nikiketi inakatika vilevile.

Daktari aliniuliza nilianza kukata mabati ya asbesto nikiwa na miaka mingapi. Nikasema ishirini. Akasema vumbi lile hukaa kifuani hata miaka thelathini kabla ya kuleta saratani, na aliyelivuta akiwa mdogo ndiye aliye hatarini zaidi.

Wewe ulikuwa na kumi na nne nilipokupeleka kwenye kazi ileile. Nyapara hakutaka watoto, nami nikaapa kwamba umeshatahiriwa, u mtu mzima. Jioni ile ulinipa mkate wako wote kwa shukrani.

Nenda upigwe picha ya kifua, kisha uniandikie upesi. Sitaki kufa kabla sijajua nilikufanyia nini.

Kaka yako,
Gichuki