Mstari wa Buluu Mlangoni

Tata,

Treni imesimama Tenke tangu jana asubuhi. Wanasema kichwa chake kilipelekwa kuvuta shaba kwanza, ndipo kiturudie. Mama yuko kwenye kona ya behewa na mapacha. Jua haliwapigi, mvua haiwafikii, na hiyo ni kwa sababu ya gari la Tata Kapenda. Lakini jambo hili lina upande ambao sijamwambia mtu. Nimeona nianze na wewe.

Ulitutoka kabla ya haya yote. Hukuwasikia vijana wakipita kati ya nyumba za mtaa wetu wa Kapata, pale Kolwezi, wakiimba kwamba sisi watu wa Kasai ni bilulu, wadudu, turudi kwetu. Kwetu wapi? Wewe mwenyewe ulizaliwa Kapata. Waliokimbilia stesheni mapema walikuwa wakilala nje, wakisubiri mabehewa ya wazi, na watoto walikuwa wakizikwa kando ya reli.

Ndipo Tata Kapenda alipokuja. Mulunda yule, wa kabila la wenyeji, rafiki yako wa garaji, hakujali nani anamwona akiingia kwetu. Alimwambia Mama: "Mama Mbuyi, mukubwa moya wa reli anapenda ile gari yangu sana. Nitamupa. Ye atawapa nafasi ine mu behewa ya kufunikwa. Ila anaitaka safi, bila hata kovu. Atakuja siku ya posho."

Unalijua gari lile: jeupe, fupi, la mbio, lenye mstari wa buluu ambao lilitoka nao kiwandani Ubelgiji. Kila Jumapili baada ya misa ulikuwa ukilipangusa kana kwamba ni lako. Tata Kapenda alilificha kwenye karakana yako ya kupaka magari rangi, nyuma ya nyumba.

Jumanne walichoma nyumba mstari wa pili kutoka kwetu. Nikashika sanduku langu la bati, la vitabu, nikalikimbiza karakana. Ulizoea kunicheka: "Huyu mutoto, nyumba ikiwaka ataokoa diksioneri, atatusahau sisi." Nililiburuta kati ya ukuta na gari, mahali pembamba. Kona ya bati ikauma mlango wa gari. Nilisikia sauti yake kwenye meno yangu. Mkwaruzo ulikuwa mrefu kama mkono wangu, umekata mstari wa buluu hadi kwenye chuma.

Mama aliingia akauona kabla sijafungua kinywa. "Ni Ngoy," alisema. "Nilimuona hapa asubuhi. Na bale bajirani tuliwapa chumvi yetu."

Ngoy wa jirani, mtoto wa wenyeji, ninayekaa naye dawati moja. Asubuhi ile alikuja kunirudishia kitabu changu cha jiometria. Nami nikanyamaza, Tata. Ilikuwa rahisi kuamini. Siku zile kila mtu aliamini ubaya wa jirani yake.

Zilibaki siku tatu kabla mukubwa wa reli hajaja. Nilipiga msasa wa maji, nikaujaza mkwaruzo mastiki, nikapiga msasa tena hadi kidole kisihisi mpaka. Umeme haukuwapo, kwa hiyo Tata Kapenda alijaza upepo kwenye tyubu ya lori, tukaifunga kwenye pistole yako ya kupulizia rangi. Rangi nyeupe ilikubali. Buluu ikakataa. Ile ya kwenye kopo lako ilikuwa mpya mno, na ya gari ilikuwa imechomwa na jua la miaka. Nikafanya ulivyokuwa ukifanya: tone moja juu ya kucha ya kidole gumba, nalisubiri likauke, kisha naweka kucha kando ya mstari wa zamani. Kucha ya kwanza iling'aa kupita kiasi. Ya pili ikawa ya kijivu. Nilikuwa natia nyeupe kwa njiti ya kiberiti, tone kwa tone, hadi kucha na mstari vikafanana. Sasa naelewa kwa nini ulikuwa unakuja mezani na vidole vya rangi tano na Mama anakununia.

Ijumaa nikafanya kosa la mtu wa vitabu. Nilipima kwa rula toka ukingo wa chini wa mlango, sentimita zilezile mwanzo hadi mwisho, nikabandika plasta ya zahanati, nikapuliza. Kwa rula mstari ulikuwa sahihi. Kwa macho ulikuwa umelegea katikati kama kamba ya nguo, kwa sababu mlango wenyewe una tumbo. Tata Kapenda alikaa juu ya ndoo. "Kapinga, baba yako alikuwa napima na rula?" Hukupima hata siku moja. Ulikuwa unarudi nyuma hatua kumi, unachuchumaa, unafumba jicho moja.

Nikaufuta wote kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Rangi iliyobaki ilitosha mara moja tu. Nikachuchumaa, nikasogeza plasta, nikarudi nyuma, nikasogeza tena, ndipo nikapuliza. Niliibandua plasta rangi ikiwa bado laini, ncha moja nikiishika kwa meno.

Yule mukubwa alikuja Jumamosi, siku ya posho, mchana wa jua kali. Alilizunguka gari mara mbili. Mlangoni alilamba kidole, akakipitisha juu ya mstari, polepole, pale pale. Mama alikuwa ameshika mapacha mabegani. Mukubwa akasema: "Belgique banajua kazi. Hii mustari hata haijaguswa." Tata Kapenda akamkabidhi ufunguo. Hakunitazama, wala mimi sikumtazama.

Tukapata nafasi nne.

Stesheni Ngoy alitufuata. Alipenya kati ya watu na dumu la maji kichwani, akalinyoosha kwa Mama. Mama akampa mgongo. "Utaharibu na hii safari?" alimwambia. Ngoy hakuelewa. Aliliweka chini, akaniangalia mimi. Nikajifanya nafunga kamba ya sanduku. Mapacha wameyanywa maji yale njia nzima, na Mama bado anamlaani.

Hapa Tenke kuna mama mmoja mchuuzi wa unga anayerudi Kolwezi kwa miguu. Amesema ataondoka kichwa cha treni kikionekana. Sasa hivi watu wameanza kusimama na kuangalia upande wa reli. Nimeshamwandikia Ngoy. Ni mistari minne, kwamba mkwaruzo ule ni wangu, na jina langu kamili.

Basi, Tata, nakuacha huko Kapata, katika udongo ulioujua. Pumzika. Nakuahidi kwamba kabla mama yule hajaondoka nitampa karatasi ya Ngoy, lakini kwanza nitamsomea Mama, kwa sauti, mbele ya behewa zima.

Mama ameniona naandika. Ananiuliza ni nini. Naenda.

Binti yako,
Kapinga