Maji Yameingia Chumvi

Baba Edina,

Msinywe maji ya bomba, hata kwa chai. Yana chumvi, jirani anasema mvua imekosekana na bahari imepanda hadi mtoni. Duka la chini limeishiwa maji, nimekwenda mtaa wa Liuhua kutafuta dumu. Uji uko kwenye chupa.

Asubuhi Edina aliyaonja akasema, "Mama, nipe maji matamu." Nikampiga kofi. ~~Usimwambie sababu.~~ Mwambie.

Kisima chetu Pangani kilipoingia chumvi, mdogo wangu Pius aliniomba hivyo hivyo. Nikamchotea maji ya bwawani. Kesho yake kipindupindu kikamchukua. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani wote wanaamini alijichotea mwenyewe, nami sijawahi kukanusha.

Mpakate mtoto hadi nirudi.

Mama Edina